Kuficha au Kusimba? Mwongozo wa Kulinda Siri za Programu Yako

Mwongozo huu ni wako wewe unayetengeneza au kusimamia programu: mfumo wa mauzo wa duka, programu ya simu ya chama cha akiba na mikopo, tovuti ya shule, hifadhidata ya zahanati. Unazo siri za watu mikononi mwako. Kuna nywila, namba za vitambulisho, majibu ya vipimo, na funguo zinazounganisha programu yako na huduma ya malipo. Ukianza kutafuta namna ya kuzilinda utakutana na njia mbili, na mara nyingi utaambiwa uchague moja.

Njia ya kwanza ni steganografia, yaani kuficha ujumbe ndani ya kitu kingine kama picha au wimbo, ili asiyehusika asijue hata kwamba ujumbe upo. Ya pili ni kriptografia, na hasa usimbaji fiche: kugeuza ujumbe uwe fumbo lisilosomeka bila ufunguo, hata kama dunia nzima inaliona.

Jibu fupi ni hili: simba kwanza, karibu kila mara. Ficha pale tu ambapo kuonekana kwa ujumbe ndiyo hatari yenyewe, au unapotaka kutia alama itakayokuonyesha nani kavujisha. Na ukificha, ficha kitu ambacho tayari kimesimbwa. Yanayofuata yanaeleza kwa nini iwe hivyo, kisha namna ya kulifanya.

## 1. Elewa kila njia inalinda nini

Mwanahistoria Mgiriki Herodotus anasimulia habari za Histiaeus, aliyekuwa Susa kwa mfalme wa Uajemi na akataka kumpelekea Aristagoras wa Mileto ujumbe wa kuanzisha uasi. Alimnyoa kichwa mtumwa wake mwaminifu, akamchanja maneno kwenye ngozi, akasubiri nywele ziote, kisha akamtuma. Walinzi wa njiani waliona msafiri wa kawaida. Hiyo ni steganografia, na udhaifu wake unaonekana humohumo: mlinzi anayeijua hila hiyo anahitaji wembe tu.

Sasa tazama AES, mbinu ya usimbaji inayotumika leo katika benki, simu na tovuti nyingi. Ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikashindanishwa hadharani na nyingine 14, na Marekani ikaifanya kiwango rasmi mwaka 2001. Kila hatua yake imechapishwa. Wataalamu wameichunguza kwa zaidi ya miaka 20 na bado, bila ufunguo, hawana njia ya maana ya kuifungua. Ufunguo wake mfupi kabisa una biti 128, maana yake funguo zinazowezekana ni takriban 34 ikifuatwa na sufuri 37. Kujua mbinu hakumsaidii mwizi. Lazima apate ufunguo.

Steganografia ni kufukia sanduku shambani; usimbaji ni kulifunga kwa kufuli imara. Anayechimba mahali penyewe hulipata sanduku lililofukiwa na kulifungua papo hapo, ilhali lililofungwa linabaki limefungwa hata likiwekwa barazani.

> SANDUKU: Kila njia huvunjikaje?
>
> Steganografia huvunjika pale mtu anaposhuku kuna kitu. Si lazima asome ujumbe. Akishajua upo, lengo lako limekwisha.
>
> Usimbaji fiche huvunjika pale ufunguo unapovuja, au mbinu inapozeeka. Mbinu ya DES ilikuwa na ufunguo wa biti 56 tu. Mwaka 1998 shirika la EFF la Marekani lilijenga mashine iliyoupata ufunguo huo kwa saa 56.
>
> Kuchezewa kwa data: kuficha peke yake hakukuambii kama ujumbe umebadilishwa njiani. Usimbaji wa kisasa wenye uthibitisho, kama AES-GCM, hukataa kufungua data iliyoguswa.

## 2. Shika kanuni hii: adui anaujua mfumo wako

Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyekuwa akifundisha Ufaransa, aliandika kwamba mfumo wa siri za kijeshi lazima ubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui. Siri pekee iwe ni ufunguo. Kanuni hiyo inakuhusu wewe kuliko hata majenerali wa zamani zile, kwa sababu programu yako unaigawa mwenyewe. Mfanyakazi anaondoka akiwa na nakala ya msimbo. Mteja anapakua programu ya simu na kuifungua kwa zana za bure. Mkandarasi anabaki na nenosiri la seva.

Ufunguo ukivuja, unaubadilisha siku hiyohiyo. Lakini kama usalama wako wote ulitegemea maficho, na maficho yamejulikana, itakubidi ujenge mfumo upya huku watu wakiendelea kuutumia.

Mfano wa wazi ni DVD. Kampuni za filamu zililinda diski zao kwa mfumo ulioitwa CSS. Ufunguo wake ulikuwa mfupi, biti 40 tu, na mpango mzima ulidhani kwamba funguo zilizofichwa ndani ya vicheza-diski hazitaonekana. Mwaka 1999 funguo zilichimbuliwa kutoka programu moja ya kompyuta ambayo haikuzificha vizuri. Programu ya DeCSS ikasambaa intaneti nzima, na kijana wa Norway aliyehusika, Jon Lech Johansen, alikuwa na miaka 15. Mamilioni ya vicheza-diski yalikuwa tayari sebuleni kwa watu. Hayakuweza kurudishwa kiwandani.

## 3. Jiulize maswali sita kabla ya kuchagua

Chukua karatasi. Andika kila siri ambayo programu yako inaihifadhi au kuisafirisha, moja kwa mstari mmoja. Kisha pitisha kila mstari kwenye maswali haya kwa mpangilio huu.

1. Je, kuna madhara mtu akijua tu kwamba siri hii ipo?
Kila mtu anajua kwamba programu ya benki ina nywila na kwamba zahanati ina majalada. Hapo kuficha hakuongezi chochote, simba. Lakini mtu anayewasilisha ushahidi wa ufisadi anaweza kudhurika kwa kuonekana tu akituma faili lililosimbwa. Hapo kuficha kuna maana, juu ya kusimba.

2. Je, utahitaji kuisoma tena siri hii, au kuithibitisha tu?
Nywila ya mtumiaji huhitaji kuisoma kamwe. Unahitaji kujua tu kama aliyoandika leo ndiyo ileile. Kwa hiyo isisimbwe wala isifichwe. Ipitishwe kwenye heshi ya nywila, hesabu ya upande mmoja isiyorudi nyuma.

3. Nani anashika kifaa?
Siri ikikaa kwenye seva yako, unaweza kuilinda. Ikikaa ndani ya programu iliyo kwenye simu ya mtumiaji, ihesabu kuwa imeshajulikana. Hakuna picha wala faili la kuificha humo litakalomzuia mtu mwenye subira.

4. Data ni nyingi kiasi gani, na inatumika mara ngapi?
Steganografia hubeba kidogo na huenda polepole. Rekodi 50,000 za wagonjwa zinazosomwa mchana kutwa haziwezi kukaa ndani ya picha. Usimbaji hauongezi ukubwa wa maana.

5. Je, njia ya kupitishia inabadilisha mafaili?
WhatsApp na mitandao mingi ya kijamii hubana upya picha unayotuma kama picha. Ujumbe uliofichwa kwenye pikseli hupotea hapohapo. Data iliyosimbwa na kutumwa kama waraka hufika ilivyo.

6. Je, unachotaka ni kumjua mvujishaji?
Hapa steganografia ina kazi yake halali. Kila mpokeaji hupewa nakala yenye alama fiche ya kwake.

> SANDUKU: Uamuzi wa haraka
>
> - Nywila za watumiaji → heshi ya nywila (Argon2id au bcrypt)
> - Data inayosafiri kati ya simu na seva → TLS
> - Hifadhidata, nakala rudufu, kompyuta za ofisi → usimbaji (AES)
> - Funguo za huduma za malipo → seva pekee, kamwe si ndani ya programu ya simu
> - Kuthibitisha kwamba faili ni lako na halijaguswa → sahihi ya kidijitali
> - Kufuatilia nakala iliyovuja → alama fiche
> - Kuficha kwamba mawasiliano yapo → simba, kisha ficha

## 4. Utaratibu wa kusimba, hatua kwa hatua

Sehemu hii ndiyo itakayokula muda wako mwingi, na inastahili. Makosa mengi ya usimbaji hayatokani na mbinu dhaifu. Yanatokana na mbinu nzuri iliyotumiwa vibaya.

1. Linda njia ya data. Washa TLS, inayosimba data ikiwa njiani, kwenye seva yako na ukubali toleo la 1.2 na 1.3 tu, matoleo ya 1.0 na 1.1 yalistaafishwa rasmi mwaka 2021. Cheti hakikugharimu pesa: Let's Encrypt hukitoa bure, nacho hujihuisha chenyewe ukikipanga. Usizime ukaguzi wa cheti ndani ya programu ya simu ili majaribio yapite, kwa sababu mstari huo husahaulika na kwenda hadi kwa watumiaji.

2. Tumia maktaba iliyopimwa, usitunge mbinu yako. Libsodium, au maktaba rasmi ya lugha unayotumia, zimekwisha kukufanyia maamuzi magumu. Mbinu uliyoitunga mwenyewe itaonekana ngumu kwako kwa sababu wewe ndiye uliyeitunga. Hilo halimaanishi kwamba ni ngumu kwa mwingine.

3. Chagua usimbaji wenye uthibitisho. AES-GCM au ChaCha20-Poly1305 vyote vinafaa. Epuka hali ya ECB, ambayo hugeuza vipande viwili vinavyofanana kuwa mafumbo mawili yanayofanana. Mwaka 2013 nywila za watumiaji wa Adobe zilivuja zikiwa zimesimbwa kwa njia hiyo. Waliotumia nywila moja walionekana kwa sababu fumbo lao lilikuwa moja, na vidokezo vya kukumbushia nywila vilikuwa vimeandikwa wazi pembeni. Watu wakazibashiri nyingi bila kuupata ufunguo.

4. Tumia namba mpya kwa kila usimbaji. AES-GCM huhitaji namba ya kutumika mara moja, kwa kawaida ya baiti 12. Namba hiyo si siri, lakini ikirudiwa na ufunguo uleule, ulinzi huporomoka. Iachie maktaba iitengeneze kwa bahati nasibu.

5. Pitisha nywila kwenye heshi inayochosha. Tumia Argon2id, toleo la mbinu iliyoshinda shindano la heshi za nywila mwaka 2015. Kiwango cha chini kinachopendekezwa na OWASP, shirika la usalama wa programu, ni kumbukumbu ya mebibaiti 19, mizunguko 2 na uzi 1. Ukitumia bcrypt, kumbuka kwamba husoma baiti 72 za kwanza tu. Kila nywila ipate chumvi yake, yaani data nasibu inayozifanya nywila mbili zinazofanana zitoe heshi tofauti. LinkedIn ilipodukuliwa mwaka 2012, heshi zake za SHA-1 hazikuwa na chumvi, na nyingi zilivunjwa haraka.

6. Tenga ufunguo na data. Ufunguo wa hifadhidata usikae kwenye hifadhidata hiyohiyo, wala kwenye nakala rudufu yake. Uweke kwenye huduma ya kutunza funguo ya seva yako. Kwenye simu, tumia Keystore ya Android au Keychain ya Apple kwa siri za mtumiaji mwenyewe.

7. Panga kubadilisha funguo kabla hujalazimika. Andika kwenye kila rekodi namba ya ufunguo uliotumika. Hivyo utaweza kuleta ufunguo mpya huku data ya zamani ikisomeka hadi isimbwe upya.

8. Jaribu kurejesha. Chukua nakala rudufu iliyosimbwa, ipeleke kwenye mashine nyingine, uifungue. Ufunguo uliopotea ni data iliyopotea. Usimbaji hautofautishi kati yako na mwizi.

> ONYO: Base64 si usimbaji
>
> Base64 ni namna ya kuandika data kwa herufi zinazosafirika. Haina ufunguo, yeyote huigeuza kwa sekunde moja. Wanaounganisha mifumo na M-Pesa kupitia Daraja ya Safaricom wanaijua: nenosiri la ombi la malipo hutengenezwa kwa kuunganisha namba ya biashara, ufunguo wa siri uliopewa na wakati wa ombi, kisha vyote hugeuzwa kwa Base64. Anayeona matokeo hayo anaona na ufunguo. Kinachokulinda hapo ni TLS iliyo njiani na seva yako iliyotunza ufunguo.

## 5. Funguo zilizofichwa ndani ya programu ya simu

Kosa hili lina sehemu yake kwa sababu ndiko vijana wengi wenye kipaji huteleza. Una ufunguo wa huduma ya malipo au ya ramani, na programu inauhitaji. Unaukata vipande viwili, au unaufunga kwenye picha ya nembo, au unaupa jina la ajabu, ukiamini hakuna atakayeuona.

Atauona. Faili la APK ni kifurushi cha ZIP. Zana ya bure kama jadx hulirudisha kwenye msimbo unaosomeka. Hata ukiuficha ufunguo kwenye pikseli za picha, programu yenyewe lazima iwe na maelekezo ya kuutoa, na maelekezo hayo yako kwenye kifurushi hichohicho. Mdukuzi si lazima ayaelewe. Anaweza kuiacha programu iutoe ufunguo, halafu ausome kwenye kumbukumbu. Kuvuruga majina ya msimbo kwa zana kama R8 kunamchelewesha, na si vibaya kufanya hivyo, lakini hakumzuii. Akishaupata ufunguo wa malipo, anaweza kutuma maombi kwa jina la biashara yako.

Fanya hivi:

1. Ondoa ufunguo kwenye programu, uupeleke kwenye seva yako.
2. Programu ya simu izungumze na seva yako tu, baada ya mtumiaji kuingia kwa akaunti yake.
3. Seva ikague: mtumiaji huyu ni nani, anaruhusiwa kufanya nini, kiasi hiki ni halali? Ndipo iite huduma ya malipo.
4. Weka kikomo cha maombi kwa kila mtumiaji, na uandike kumbukumbu za maombi yote.
5. Kama ufunguo uliwahi kuandikwa kwenye Git, ufute kazi kwa mtoa huduma na uchukue mpya. Kuufuta kwenye faili hakutoshi, kwa sababu historia inautunza.
6. Pitisha hazina yako kwenye kikaguzi kama gitleaks, na ukipange kiwe kinakagua kila msimbo mpya kabla haujaingia.

Usijifariji kwamba hazina yako ni ya faragha. Mwaka 2016 wadukuzi waliingia kwenye hazina ya faragha ya msimbo wa Uber, wakakuta humo funguo za hifadhi ya mtandaoni, na taarifa za watu milioni 57 zikachukuliwa.

## 6. Ukihitaji kuficha kweli

Kuna hali ambazo steganografia ni chombo sahihi. Printa nyingi za rangi huchapa vitone vya manjano visivyoonekana kwa macho ya kawaida. Mwaka 2005 EFF ilionyesha kwamba vitone vya printa moja ya Xerox vilibeba namba ya mashine pamoja na tarehe na saa ya kuchapa. Wewe unaweza kutumia wazo hilohilo kulinda ripoti za ndani au nakala za majaribio za programu yako.

A. Alama fiche ya kumtambua mvujishaji

1. Mpe kila mpokeaji namba nasibu. Hifadhi orodha ya namba na majina mahali paliposimbwa.
2. Ingiza namba hiyo kwenye nakala yake, katika sehemu zaidi ya moja, ili kukata ukurasa au kupunguza picha kusiifute.
3. Ongeza uthibitisho wa kriptografia, yaani HMAC yenye ufunguo ulio kwako peke yako. Bila hiyo, mtu anaweza kughushi alama ya mwenzake na kumsingizia.
4. Jaribu: piga picha skrini, chapa kisha changanua, bana kwa JPEG. Alama inasomeka bado?
5. Waambie watumiaji katika masharti kwamba nakala zao zina alama. Onyo hilo lenyewe huzuia wengi.

B. Kuficha ujumbe kwenye picha

Njia ya kawaida hubadilisha biti ya mwisho ya kila rangi kwenye pikseli. Picha ya pikseli 1,000 kwa 1,000 ina pikseli 1,000,000. Kila moja ina rangi tatu. Ukitumia biti moja kwa kila rangi unapata biti 3,000,000, sawa na baiti 375,000. Jicho halitaona tofauti. Kompyuta itaiona, kwa sababu tayari mwaka 1999 Andreas Westfeld na Andreas Pfitzmann walionyesha kwamba hesabu za takwimu hugundua picha iliyojazwa hivyo.

1. Bana ujumbe uwe mdogo.
2. Usimbe kwa ufunguo imara. Data iliyosimbwa huonekana kama nasibu tupu, kwa hiyo hata ikitolewa haiwi na maana.
3. Tumia picha uliyoipiga mwenyewe na ambayo haijachapishwa popote. Picha ya mtandaoni ina nakala ya asili, na kulinganisha mbili kunakufichua.
4. Jaza sehemu ndogo tu ya nafasi iliyopo, na uitawanye kwa mpangilio unaotokana na ufunguo.
5. Tuma kama PNG kupitia njia isiyobana picha.
6. Futa picha ya asili.
7. Jaribu kuutoa ujumbe upande wa pili kabla ya kuutegemea.

Mwaka 2010 Marekani iliwakamata majasusi wa Urusi waliokuwa wakificha ujumbe ndani ya picha za mtandaoni. Mbinu yao haikuvunjwa kwa hesabu ngumu. Wapelelezi walipopekua nyumba mojawapo walikuta nenosiri la herufi 27 limeandikwa kwenye karatasi. Hata maficho ya kitaalamu yanarudi palepale: ufunguo umetunzwaje?

## 7. Picha zinazoingia kwako

Usalama wa programu una upande mwingine: wengine wanaweza kukufichia wewe. Mwaka 2014 watafiti waligundua ZeusVM, aina ya programu hasidi ya kuibia benki, iliyopokea maagizo yake yakiwa mwishoni mwa picha ya JPEG. Maagizo hayo yalikuwa yamesimbwa kabla ya kufichwa. Wezi wenyewe hawakutegemea maficho peke yake.

Kama programu yako inapokea picha za watumiaji:

1. Thibitisha aina ya faili kwa kusoma yaliyomo, si kwa jina lake.
2. Ifungue picha na uihifadhi upya kwa ukubwa wako na ubanaji wako. Hii huondoa data iliyobandikwa mwishoni na huharibu nyingi iliyo kwenye pikseli.
3. Futa taarifa za ziada za picha. Humo huweza kukaa msimbo hasidi, na pia mahali mtumiaji alipopigia picha.
4. Ipe jina jipya na uiweke mahali ambapo seva haiwezi kuiendesha kama programu.

## 8. Makosa ya kawaida na marekebisho yake

- "Hakuna anayejua anwani ya ukurasa wa usimamizi." Vikaguzi vya mtandaoni hupita kila anwani. Weka kuingia kwa hatua mbili.
- "Nimetumia Steghide, inatosha." Steghide, zana ya steganografia, husimba kwa nenosiri, na nenosiri dhaifu hupatikana kwa sekunde chache kwa kujaribu orodha za nywila zilizovuja. Tumia fungu refu la maneno nasibu.
- "Nimesimba hifadhidata, kwa hiyo SQL yangu ni salama." Programu yako inao ufunguo. Anayeihadaa programu anasomewa data ikiwa imefunguliwa. Usimbaji hauchukui nafasi ya msimbo makini.
- "Nitasimba na kuficha kila kitu ili niwe na hakika." Kila tabaka linahitaji kutunzwa. Mfumo usioeleweka na timu yake huvunjikia kwenye matunzo.
- "Ufunguo uko kwenye kundi letu la WhatsApp." Kila aliyewahi kuwa kwenye kundi anao. Ubadilishe leo.

## 9. Sheria inataka nini

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Uganda ina yake ya mwaka huohuo, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Sheria ya Kenya humpa anayeshika taarifa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data uvujaji unaoweza kuwadhuru watu, na inautaja usimbaji miongoni mwa kinga zinazoweza kumwondolea wajibu wa kuwajulisha wahusika mmoja mmoja. Usimbaji unaweza kumthibitishia mkaguzi: mbinu ni hii, ufunguo uko hapa, wanaoufikia ni hawa. Maficho hayana cha kuonyesha zaidi ya matumaini kwamba hayajagunduliwa.

## 10. Orodha ya ukaguzi

Pitia orodha hii na timu yako. Kila "hapana" ipewe mtu wa kuishughulikia na tarehe ya kumaliza.

☐ Siri zote za programu zimeorodheshwa kwa maandishi
☐ Kila siri imepitishwa kwenye maswali sita
☐ TLS 1.2 au 1.3 inatumika kila mahali, na ukaguzi wa cheti haujazimwa
☐ Nywila ziko kwenye Argon2id au bcrypt, kila moja na chumvi yake
☐ Usimbaji una uthibitisho. Hakuna ECB, DES wala mbinu ya kujitungia
☐ Funguo zimetengwa na data pamoja na nakala rudufu
☐ Hakuna ufunguo wa huduma ndani ya programu ya simu wala historia ya Git
☐ Kubadilisha funguo kumejaribiwa
☐ Kurejesha nakala rudufu iliyosimbwa kumejaribiwa
☐ Kila kilichofichwa kilisimbwa kwanza
☐ Picha zinazopokelewa huhifadhiwa upya
☐ Inajulikana nani atatoa taarifa data ikivuja, na kwa nani

Kama una saa moja tu leo, anza na mstari wa saba. Fungua APK yako mwenyewe kwa jadx, tafuta herufi za kwanza za ufunguo wako wa malipo, na kama zipo, ufute ufunguo huo kabla hujafanya jambo lingine. Wateja waliokukabidhi namba zao hawana namna ya kuukagua mfumo wako. Kazi hiyo wamekuachia wewe.